Foleni Ndani ya Ruta: Chanzo Kisichoonekana cha Kukwama kwa Michezo ya Kompyuta

Kompyuta ya kawaida ya nyumbani yaweza kufanywa seva, yaani mtambo unaoendesha mchezo mmoja kwa ajili ya wachezaji wengi walio mbali mbali. Vijana wengi hufanya hivyo kwa mchezo wa Minecraft, ambao programu yake ya seva hutolewa bila malipo. Kila mchezaji huipelekea seva habari za vitendo vyake kwa njia ya intaneti, nayo seva huwarudishia wachezaji wote habari za yale yaliyotokea. Kwa muda fulani mchezo huenda vizuri. Kisha, pasipo onyo, mchezaji anayekimbia hujikuta amerudishwa nyuma hatua kumi, mlango aliokwisha kuufungua huonekana ungali umefungwa, na adui aliyekuwa mbali hutokea mbele yake kwa ghafula.

Dawa ya kwanza inayofikiriwa na wengi ni kununua huduma ya intaneti yenye kasi kubwa zaidi. Mara nyingi fedha hizo hupotea bure, kwa kuwa ugonjwa haumo katika kasi. Makala hii inaeleza mahali ambapo uchelewaji huzaliwa, namna ya kuupima kwa vifaa vilivyomo nyumbani au shuleni, na tiba inayolingana na kila chanzo.

Kasi na uchelewaji

Kinachoitwa kasi ya intaneti katika matangazo ni wingi wa habari zinazoweza kupita katika njia kwa sekunde moja. Wingi huo hupimwa kwa megabiti, na megabiti moja ni biti 1,000,000. Uchelewaji ni jambo jingine: ni muda unaopita tangu habari itumwe hadi jibu lake lirudi, nao hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde.

Mambo haya mawili hayaendi pamoja sikuzote. Meli yaweza kuchukua shehena kubwa sana kutoka Mombasa hadi Unguja, lakini mtu mwenye barua moja atafika mapema zaidi kwa ndege ndogo. Mchezo wa kompyuta unafanana na mwenye barua. Habari zake ni chache: tukikadiria kwamba kila mchezaji ahitaji kilobiti 50 kwa sekunde, wachezaji 8 watahitaji kilobiti 400 tu, wala megabiti moja haifiki. Linalotakiwa ni kwamba habari hizo chache zifike upesi, tena kwa nafasi zilizo sawa.

Yafaa ifahamike pia kwamba huduma nyingi za nyumbani hazina upana ulio sawa katika pande zote mbili. Njia ya kupokea huwa pana, na njia ya kutuma huwa nyembamba. Mtu anayetazama filamu hutumia zaidi njia ya kupokea, lakini seva kazi yake kubwa ni kutuma. Hivyo mwenye seva hutegemea upande ule ule ulio dhaifu.

Jinsi foleni inavyojengeka

Habari husafiri katika intaneti zikiwa zimekatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Pakiti zinapofika kwenye ruta kwa haraka kuliko njia inavyoweza kuzitoa, ruta huziweka katika kihifadhi cha muda, nazo husubiri zamu. Tunaweza kulinganisha jambo hili na kivuko cha Likoni au cha Kigamboni. Kivuko huchukua idadi ile ile ya magari kila safari. Uwanja wa kusubiria ukipanuliwa, magari mengi zaidi yatapata mahali pa kusimama, lakini kivuko hakitaongeza mwendo hata kidogo. Kitakachoongezeka ni urefu wa foleni, na mwenye baiskeli aliyebeba barua atasubiri nyuma ya malori.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kihifadhi cha ruta chaweza kubeba kilobaiti 250. Kila baiti ni biti 8, kwa hiyo kikijaa kina biti 2,000,000. Ikiwa njia ya kutuma hutoa megabiti moja kwa sekunde, pakiti ya mchezo inayofika mwishoni mwa foleni itasubiri sekunde 2 nzima kabla ya kutoka nyumbani. Kinachojaza foleni hiyo huwa ni kitu kisichohusiana kabisa na mchezo, kwa mfano simu ya mkononi ya mtu wa nyumba hiyo hiyo inayopeleka picha zake kwenye hifadhi ya mbali. Njia ya kutuma ikipanuliwa hadi megabiti 10, foleni ile ile itachukua sehemu mbili za kumi za sekunde, muda ambao mchezaji bado atauhisi. Tena, programu inayotuma faili kubwa itaendelea kuijaza njia mpya kama ilivyoijaza ile ya zamani.

Kwa nini programu hujaza foleni

Jibu la swali hili limo katika historia ya intaneti. Mwezi wa Oktoba 1986, njia iliyounganisha maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, Marekani, ilielemewa na msongamano. Umbali baina ya mahali hapo pawili ulikuwa yadi 400 tu, lakini mapito ya habari yalianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson na Michael Karels walichunguza tukio hilo, na mwaka 1988 Jacobson akatangaza utaratibu ambao misingi yake ingali inatumika: kompyuta inayotuma huongeza mwendo kidogo kidogo, na mara ionapo kwamba pakiti imepotea huelewa kuwa njia imejaa, ikapunguza mwendo.

Utaratibu huo hutegemea kwamba pakiti zitapotea mapema njia inapojaa. Katika miaka iliyofuata bei ya kumbukumbu za kompyuta ilishuka sana, na watengenezaji wakaweka vihifadhi vikubwa katika ruta na modemu, wakidhani kuwa kupoteza pakiti ni aibu. Matokeo yake ni kwamba mtumaji hapati onyo hadi kihifadhi chote kijae. Huendelea kuongeza mwendo, na foleni huendelea kurefuka.

Hatari hii ilikuwa imekwisha kuonekana. Mwaka 1985 John Nagle alieleza kwamba hata ruta yenye hifadhi isiyo na kikomo haiwezi kuepukana na msongamano. Hata hivyo jambo hilo halikupewa uzito hadi mwaka 2010, wakati mhandisi Jim Gettys wa Marekani alipokuwa akituma faili kubwa kutoka nyumbani kwake. Aliona uchelewaji wa njia fupi ukipanda hadi kupita sekunde moja. Alipofuatilia alikuta kwamba kasoro hiyo imeenea katika vifaa vya aina nyingi, nyumbani na kwingineko, akaiita kuvimba kwa vihifadhi.

Kupima kabla ya kutibu

Mganga hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Chombo cha kupimia kimo tayari katika kompyuta karibu zote, nacho ni programu iitwayo ping, iliyoandikwa na Mike Muuss mwezi wa Desemba 1983. Programu hii hutuma pakiti ndogo kwenye anwani iliyotajwa, na kuonyesha milisekunde zilizopita hadi jibu liliporudi. Vipimo vinavyotakiwa ni vitatu, na kila kimoja kirudiwe mara nyingi, maana jibu moja laweza kudanganya.

Kipimo cha kwanza huelekezwa kwenye ruta ya nyumbani yenyewe. Kompyuta iliyounganishwa kwa waya hupata jibu kwa milisekunde moja au pungufu. Majibu yakibadilika badilika, mara 3 mara 80, basi kasoro imo katika mawasiliano ya redio baina ya kompyuta na ruta. Kuta, umbali, na ruta za majirani zinazotumia masafa yale yale huweza kuleta hali hiyo.

Kipimo cha pili huelekezwa kwenye kompyuta iliyo nje, wakati hakuna mtu mwingine anayetumia intaneti. Jibu lake huonyesha uchelewaji wa njia ikiwa tupu.

Kipimo cha tatu hufanana na cha pili, ila hufanywa huku faili kubwa ikitumwa kutoka nyumbani. Iwapo kipimo cha pili kilitoa milisekunde 30, na hiki cha tatu kinatoa 900, tofauti ya milisekunde 870 ni foleni. Hapo mchunguzi amekwisha kumpata mkosaji.

Iwapo vipimo vyote vitatu ni vizuri na mchezo bado unakwama, hapana budi kuitazama seva yenyewe. Seva ya Minecraft hufanya kazi kwa mapigo 20 kila sekunde, yaani kila pigo lina milisekunde 50. Kazi ya pigo moja ikichukua milisekunde 80, mapigo hushuka hadi 12.5 kwa sekunde, na ulimwengu wa mchezo huenda polepole kwa wachezaji wote kwa pamoja. Hakuna ruta iwezayo kuponya ugonjwa huu. Dawa yake ni kupunguza umbali ambao seva huwaonyesha wachezaji, au kutumia kompyuta yenye nguvu zaidi.

Tiba ya foleni

Kwa kasoro ya redio, tiba ni waya. Seva iunganishwe na ruta kwa kebo, na jambo hilo pekee huondoa shaka nyingi.

Kwa foleni, tiba ni kuitawala. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitangaza kanuni iitwayo CoDel. Kanuni hii haihesabu pakiti zilizomo katika foleni. Hupima muda ambao kila pakiti imesubiri. Subira ikizidi milisekunde 5 kwa kipindi cha milisekunde 100 mfululizo, ruta huanza kutupa pakiti chache kwa makusudi, na mtumaji hupata onyo mapema. Kanuni iliyofuata, FQ-CoDel, huongeza jambo la pili: kila mazungumzo hupewa foleni yake, na ruta hutoa pakiti kwa zamu. Kwa mfano wa kivuko, ni kama kuwawekea wenye baiskeli mlango wao, wasisimame tena nyuma ya malori.

Kanuni hizi zimo katika ruta kadhaa, na pia katika OpenWrt, programu huria inayoweza kuwekwa katika ruta za aina nyingi, ambamo mpangilio wake hujulikana kwa herufi SQM. Hata hivyo kuna sharti moja linalosahauliwa. Ruta haiwezi kuitawala foleni iliyo ndani ya modemu au kwa mwenye kutoa huduma. Kwa hiyo ruta huamriwa itume kwa mwendo ulio chini kidogo ya uwezo wa njia, ili foleni ijengeke ndani yake yenyewe. Njia ya kutuma ikipimwa na kuonekana ina megabiti 10, ruta hupangiwa 9. Nyumba hupoteza sehemu moja ya kumi ya wingi, na badala yake subira hushuka kutoka mamia ya milisekunde hadi makumi, au chini ya hapo. Kwa huduma zinazopitia mitandao ya simu, ambazo uwezo wake hubadilika saa hadi saa, kiasi hicho hulazimika kuwa chini zaidi.

Mpaka usioweza kuvukwa

Uko uchelewaji ambao hakuna fundi awezaye kuuondoa. Mwanga husafiri katika nyuzi za kioo kwa kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kiasi cha kilomita 7,500 kwa mstari wa moja kwa moja. Kwenda na kurudi ni kilomita 15,000, ambazo mwanga huzimaliza kwa milisekunde 75, na mikongo ya baharini huwa mirefu kuliko mstari huo. Kabla ya Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi, Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya Ikweta. Swali na jibu lake hupita umbali huo mara nne, na safari hiyo peke yake huchukua karibu nusu sekunde.

Watunzi wa michezo wamejifunza kuishi na mpaka huo. Mwaka 1996 John Carmack alitoa QuakeWorld, ambamo kompyuta ya mchezaji hukisia matokeo ya kitendo chake papo hapo, kisha hujisahihisha jibu la seva lifikapo. Kurudishwa nyuma hatua kumi, kulikotajwa mwanzoni, ni alama kwamba jibu limechelewa mno na makisio yamepotoka.

Faida ya elimu hii haiishii katika michezo. Somo linalofundishwa kwa picha na sauti kutoka mji mwingine, au daktari anayezungumza na mgonjwa aliye mbali, huathiriwa na foleni zile zile. Shule yenye kompyuta 30 na njia moja nyembamba yaweza kunufaika kwa kupanga foleni kabla ya kuomba fedha za njia pana.

Zoezi kwa wanafunzi

Fanyeni vipimo vitatu vilivyoelezwa, kila kimoja mara 50. Tafuteni wastani, jibu dogo kuliko yote, na jibu kubwa kuliko yote, kisha chora grafu ya kila kipimo. Kwa kutumia tofauti ya kipimo cha pili na cha tatu, pamoja na uwezo wa njia ya kutuma, kadirieni ukubwa wa foleni kwa kilobaiti. Mwisho, punguzeni mwendo wa kutuma kwa sehemu moja ya kumi katika ruta yenye CoDel, rudieni kipimo cha tatu, na mlinganishe grafu hizo mbili.