Kazi ya Mchezaji wa Besiboli na Ngazi Aipandayo

Kila asubuhi wakati wa wageni wengi, vijana hukusanyika kwenye lango la Marangu wakingojea mizigo. Apewaye mzigo huondoka nao kwenda Mandara, kisha Horombo, kisha Kibo, na akishashuka hulipwa ujira wake. Miaka ikipita, baadhi yao huwa wasaidizi, na wachache huwa viongozi wenye kuwafikisha wageni kileleni, mita 5,895. Kwa hiyo sisi wa huku hatuna haja ya kuambiwa kwamba mtu aweza kula kwa nguvu za mwili wake, wala kwamba mwili huo huchakaa kabla mwenyewe hajazeeka. Twaanza na jambo hili kwa makusudi, maana kazi tunayotaka kuieleza ni ya jinsi hiyo hiyo, ijapokuwa hufanywa mbali nasi: kazi ya mtu alipwaye kwa kucheza besiboli.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa maneno machache. Kila upande una watu 9. Uwanjani huwekwa vituo 4 kwa umbo la mraba, na toka kituo hata kituo ni futi 90. Mtupaji husimama futi 60 na inchi 6 mbele ya mpigaji, akatupa mpira mdogo mgumu uliovikwa ngozi. Mpigaji huungoja na gongo la mti mikononi. Akiupiga vema hukimbilia vituo, na akivizunguka vyote akarudi alipoanzia, upande wake umepata alama moja. Akiukosa mara tatu hutoka, na wakitoka watu watatu pande hubadilishana. Mtupaji hodari huutupa mpira kwa mwendo wa maili 95 kwa saa, nao humfikia mpigaji kabla ya nusu sekunde kwisha. Ndiyo sababu mpigaji afaulupo mara 3 katika kila mara 10 huhesabiwa kuwa bingwa. Hatujui kazi nyingine ambayo mtu hushindwa mara 7 katika 10 na bado akasifiwa, labda kazi ya kuwinda.

Klabu ya kwanza kukiri waziwazi kwamba wachezaji wake wote hulipwa ilikuwa ya Cincinnati, Marekani, mwaka 1869. Siku hizi klabu zilizo juu kabisa ni 30, na kila moja hucheza michezo 162 katika muda wa miezi sita hivi. Lakini kijana haanzii hapo. Chini ya kila klabu kubwa zipo timu ndogo zilizopangwa kama ngazi, naye huanzia chini, apande daraja baada ya daraja, kama vile mpagazi asivyokuwa kiongozi kwa siku moja. Wengi huishia njiani. Tofauti ya malipo ni kubwa mno: mwaka 2023, kima cha chini cha mshahara kwenye daraja iliyo karibu kabisa na juu kilikuwa dola 35,800 kwa mwaka, na aliyevuka hatua ile moja akapata kima cha chini cha dola 720,000. Daraja za mwanzo zilikuwa chini zaidi. Asomaye habari za mamilioni ya mabingwa na akumbuke kwamba anasoma habari za wachache waliofika kileleni.

Jambo la pili ni mkataba, na hapa twaomba wazazi watusikilize vema. Kwa miaka mingi mikataba ya mchezo huu ilikuwa na kifungu cha kumfunga mchezaji kwa klabu yake hata mkataba ukiisha muda. Klabu iliweza kumpeleka kwa klabu nyingine bila kumwuliza, naye hakuweza kutafuta mwajiri mwingine. Mwaka 1969 Curt Flood, mchezaji wa St. Louis, aliambiwa kwamba amehamishiwa Philadelphia. Akakataa, akaipeleka kesi yake mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1972 akashindwa. Hata hivyo mlango ulikwisha kutikisika. Mwezi wa Desemba 1975 mwamuzi aliwaachilia watupaji wawili katika kifungo hicho. Tangu hapo, mchezaji atimizaye miaka sita katika klabu kubwa aweza kujichagulia pa kwenda. Lakini sita hiyo huhesabiwa juu, si chini ngazini. Kijana atiaye sahihi akiwa na miaka 17 huenda akawa mtu wa miaka 30 kabla hajapata uhuru huo, kama ataupata.

Jambo la tatu ni mkono. Kiwiko cha binadamu hakikuumbwa kwa kutupa namna ile, na kano yake ya ndani hukatika. Zamani ikikatika, kazi imekwisha. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alichukua kano katika mkono wa kuume wa mtupaji Tommy John, akaipandikiza katika kiwiko cha kushoto, mkono wake wa kutupia. Tommy John akakaa bila kucheza mwaka mzima wa 1975, akarudi 1976, akaendelea mpaka 1989. Upasuaji huo hata leo huitwa kwa jina lake. Twaona ni jambo la ajabu, lakini mzazi mwenye busara atauliza katika mkataba: nani hulipa gharama ya matibabu, na kijana atakula nini mwaka ule wa kungoja?

Pengine wengine watasema: haya yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa sababu watafutaji wa wachezaji wamekwisha kufika Afrika Mashariki. Uganda ndiyo iliyotangulia. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda haki ya kwenda kwenye mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani, ikanyimwa ruhusa ya kuingia kwa kuwa hati za umri wa watoto hazikupatana. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walikwenda, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliandikiana mkataba na vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma, mtupaji, na Umar Male, mdakaji. Kisha Pittsburgh Pirates ikamchukua David Matoma, naye mtupaji. Wote walianzia chini ngazini. Kwetu Tanzania mchezo huu umefundishwa kwa msaada wa Wajapani, na Dar es Salaam kuna uwanja wake katika Shule ya Sekondari ya Azania. Mzazi aliyeiacha hati ya kuzaliwa ya mwanawe isiandikwe, ajue kwamba kwa watoto wale wa Kampala karatasi hiyo ndiyo iliyofunga njia.

Na mwenye kutaka kujua safari nzima ilivyo, na aitazame habari ya Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alifanya kazi katika klabu ya besiboli huko Randburg, nao waliishi katika nyumba ya klabu hiyo hiyo, kwa hiyo mtoto alikua uwanja ukiwa mlangoni pake. Alitia sahihi na Pittsburgh mwaka 2008. Miaka minane na zaidi alipanda na kushuka katika timu ndogo. Tarehe 26 Aprili 2017 aliitwa juu, akawa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kulelewa barani humu kucheza katika klabu kubwa, na mpira wa kwanza alioupiga rasmi ulimfikisha kituoni salama. Mwaka 2018 alicheza kidogo Toronto. Michezo yake yote ya juu, ukiijumlisha, ilikuwa 41.