Je, Wajua? Pikipiki Zilizolala Chini ya Bahari

Katika Bahari ya Shamu, upande wa Misri, imelala meli ya Uingereza SS Thistlegorm. Ndege za Ujerumani ziliilipua usiku wa tarehe 6 Oktoba 1941, ikiwa imetia nanga kungoja zamu ya kupita Mfereji wa Suez. Watu tisa walifariki.

Shehena bado imo: pikipiki, malori, bunduki na mabuti ya askari. Wazamiaji huzitazama katika kina cha hadi mita 30 hivi.

Ukizamia wikendi nzima, usikimbilie ndege. Subiri angalau saa 18 ili naitrojeni iliyoyeyuka mwilini itoke salama. Na usichukue chochote: waliofia hapo wanastahili heshima.