Majani yakifunika kiziwa cha samaki: usiyaondoe yote siku moja

Ni saa kumi na mbili ya asubuhi. Mwenye kiziwa anashuka bondeni na ndoo ya pumba mkononi, anakuta samaki wake wote wako juu ya maji, vinywa wazi, kama watu wanaotafuta hewa ndani ya nyumba yenye moshi. Wengine wamekwisha kugeuka tumbo juu. Siku tatu mbele alikuwa mwenye furaha: yeye na watoto wake walikatakata majani yote yaliyofunika kiziwa, wakayaacha yazame, na maji yakaanza kuonekana tena. Sasa samaki aliowahesabia karo ya watoto wanakufa, na mawazo yake yanakwenda kwa jirani. Anajiuliza nani alitia sumu usiku.

Jambo hili linaweza kumpata kila mwenye kiziwa cha samaki, kile ambacho wengi wetu tunaita etangi, iwe ni Kabare, Walungu, Lubero ama Beni. Na mbele ya kwenda kumshitaki jirani kwa chifu, kuna swali moja la kujiuliza: majani yale yalikwenda wapi?

Samaki wanakosa hewa, hawakulishwa sumu

Samaki anapumua oksijeni iliyo ndani ya maji. Mchana, majani madogo sana yanayofanya maji yawe ya kijani yanapata mwangaza wa jua na kuongeza oksijeni ndani ya kiziwa. Usiku jua halipo. Majani yenyewe, samaki na vidudu vya matope, vyote vinatumia oksijeni ile ile. Ndiyo maana saa mbaya zaidi ya kiziwa ni alfajiri, kidogo tu mbele ya jua kutoka.

Majani makubwa yanayoelea juu yanaharibu hesabu hiyo. Yanazuia mwangaza usiingie, na oksijeni yanayotengeneza inakwenda hewani, si ndani ya maji. Tena yanamnyima tilapia chakula, kwa sababu ile rangi ya kijani ya maji ndiyo sehemu kubwa ya chakula chake.

Lakini majani yaliyokufa ni hatari kuliko majani yaliyo hai. Yakikatwa na kuachwa ndani, yanaoza, na kuoza kunakula oksijeni nyingi. Kiziwa kizima kikioza kwa mara moja, samaki hawana pa kukimbilia. Dalili ni zile zile: samaki wanapanda juu asubuhi, wanafungua vinywa, na jua likipanda wale waliobaki wanashuka tena. Mara nyingi hiyo ni alama ya kukosa hewa.

Dawa ya kuua majani inaleta matokeo yale yale, na mabaya zaidi. Majani yanakufa kwa pamoja na kuoza kwa pamoja. Tena maji ya kiziwa chako yanashuka kwenye mfereji ambamo mama mwingine anaosha vyombo na mbuzi wa mwingine wanakunywa.

Mto Congo ulikwisha kutufundisha

Jani linalojulikana zaidi ni lile lenye maua mazuri ya zambarau na vikonyo vilivyojaa hewa, gugu la maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, kwenye mabonde ya Amazon. Watu walilisafirisha sehemu nyingi za dunia kwa sababu ya uzuri wa ua lake, kwa kupamba viziwa vya bustani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 lilionekana katika mto Congo, na kwa miaka michache tu likaenea kutoka Stanleyville, Kisangani ya leo, mpaka Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kwa Lingala watu walilipa jina la Kongo ya sika, ni kusema Congo mpya.

Serikali ya wakoloni ilimwaga dawa ya 2,4-D juu ya mto. Majani mengi yalikufa, lakini jani halikwisha. Linaelea mpaka leo. Katika ziwa Victoria, wataalamu wa Uganda walifungua katika mwaka wa 1995 vidudu vidogo vinavyokula gugu hilo tu, na wale wa Kenya wakafuata katika mwaka wa 1997. Vidudu hivyo vilisaidia, lakini hata kule gugu linarudi mara kwa mara.

Kuna sababu mbili. Jani moja linatoa vitawi pembeni, kila kitawi kinakuwa jani jipya, na wakati wa joto wingi wake unaweza kurudiwa mara mbili kwa juma moja ama mawili. Na mbegu zake zinalala ndani ya matope miaka mingi zikingoja maji na mwangaza.

Habari njema ni hii: mto ni mkubwa, lakini kiziwa chako ni ari moja ama mbili. Kazi iliyoshinda meli na dawa kwenye mto inawezekana kwa mikono kwenye kiziwa, ikifanywa kwa utaratibu.

Namna ya kufanya kazi

Gawanya kiziwa katika sehemu tatu ama nne kwa macho. Safisha sehemu moja, kisha ngoja juma moja mbele ya kugusa ingine. Anza jua likiwa limekwisha kupanda, ili maji yapate siku nzima ya kujirudishia oksijeni. Siku hiyo usitie mbolea, na usilishe samaki. Kama mfereji una maji, fungua kidogo maji mapya yaingie.

Majani yanayoelea, yavute kwa rato ama kwa kamba iliyofungwa juu ya miti ya mianzi, watu wawili wakivuta kutoka pande mbili. Yale madogo sana, yanayofanana na punje za kijani, yachote kwa wavu mwembamba ama kwa kikapu. Usikate vipande na kuviacha: kipande kidogo chenye kitawi kinatosha kuanza upya.

Matete na majani mengine marefu ya pembeni, yang'oe na mizizi. Ikishindikana, yakate chini ya maji, si juu. Shina lake ndilo linalopeleka hewa kwenye mizizi. Likikatwa na kufunikwa na maji, mara nyingi mizizi inaoza.

Majani laini yanayoota chini ya maji yanaweza kuachiwa tilapia rendalli, samaki wa kwetu anayependa kula majani. Tangu wakati wa wakoloni, kituo cha Kipopo karibu na Lubumbashi kilimfuga katika viziwa.

Vaa bote. Katikati ya majani hayo wanaishi konokono wanaobeba bilharzia, na mbu wanazalia kwenye maji yaliyotulia chini yake. Mwenye kukosa bote avute akiwa amesimama pembeni, na watoto wasiingie majini.

Usimtumie jirani majani yako

Kosa moja linaleta magomvi bondeni: kuyatupa majani kwenye mfereji. Wewe umepona, lakini kiziwa cha chini yako kimeugua. Na wa juu akifanya vile vile, kazi yako itaanza upya kila juma. Heri wenye viziwa vya bonde moja wapatane siku ya kusafisha, na kila mmoja aweke kwenye mlango wa maji wavu ama kipande cha mwanzi kinachoelea, ili kuzuia majani yanayoshuka.

Majani yaliyotolewa yapeleke mbali na maji, hatua kumi ama zaidi, mahali ambapo mvua haitayarudisha. Yaanike siku kadhaa mpaka yakauke. Kisha yachanganye na mavi ya mbuzi ama ya kuku, majivu kidogo na udongo, ukigeuza lundo mara kwa mara. Itakuwa mbolea nzuri kwa mboga na migomba. Yale madogo yanayoelea, bata na nguruwe wanayala vizuri. Ukitaka kuyahifadhi kwa ajili yao, yafungie kwenye kona moja kwa mianzi minne, yasipite robo ya kiziwa.

Mzizi wa shida ni mbolea na kina

Mwenye kuondoa majani bila kutafuta chanzo atayaondoa kila mwezi. Majani mengi ni alama ya chakula kingi ndani ya maji. Kibanda cha nguruwe kilichojengwa juu ya kiziwa, mbolea inayotiwa bila kupima, ama maji ya mvua yanayoshuka kutoka shambani, vyote vinayalisha.

Kuna kipimo kisichoomba feza. Mahali ambapo maji yako wazi na hayana matope, ingiza mkono wima ukitazama kiganja. Kikipotea mbele ya maji kufika kwenye kiwiko, mbolea imezidi, acha kutia. Kikipotea maji yakiwa kwenye kiwiko, ni sawa. Kikionekana hata maji yakipita kiwiko, unaweza kuongeza kidogo. Lakini kama majani yangali yamefunika juu, usiongeze hata kama maji ni meupe: ungelisha majani, si samaki.

Sababu ya pili ni kina kidogo. Pembeni ambapo maji yanafika gotini tu, jua linafika chini na kila jani linaota. Wakati wa kuvuna, ukikausha kiziwa, chimba pembeni maji yafike angalau sentimita 60, na katikati mita moja ama zaidi. Acha matope yakauke mpaka yapasuke, yatoe, yapeleke shambani. Pamoja nayo zitatoka mbegu nyingi zilizokuwa zinangoja.

Baada ya hapo, kazi inayobaki ni ya saa moja kwa juma: kuzunguka kiziwa na rato, kutoa jani la kwanza mbele halijaita wenzake. Na ukikuta samaki wamefungua vinywa alfajiri, fungua kwanza maji mapya yaingie, toa kila kinachooza, uangalie kama jua likipanda wanashuka. Wakishuka, jirani yako hana kosa.