Dole gumba la Hendrix

Mtaje Jimi Hendrix na wengi watakumbuka moto: Monterey, California, Juni 1967, alipopiga magoti jukwaani akaliteketeza gitaa lake. Picha hiyo imeuza mabango mengi, lakini mpiga gitaa wa leo hana la kujifunza humo. Urithi wenyewe uko kwenye dole gumba la mkono wake wa kulia.

Waliokulia kwenye dansi wanaujua mgawanyo wa kazi: huyu solo, yule ridhimu, mwingine besi. Hendrix, mzaliwa wa Seattle, alianza kama mpiga gitaa wa kukodiwa, akiwasindikiza akina Isley Brothers na Little Richard. Kwa Curtis Mayfield aliokota ujanja wa kupachika vipande vitamu vya solo katikati ya ridhimu. Alipohamia London mwaka 1966 akaunda bendi ya watu 3, yeye, Noel Redding kwenye besi na Mitch Mitchell kwenye dramu. Gitaa la pili halikuwapo, pengo ikabidi alizibe mwenyewe.

Mkono wake ulikuwa mkubwa. Walimu hufundisha dole gumba likae nyuma ya shingo ya gitaa. Yeye alilipitisha kwa juu, likakandamiza uzi mnene na kushika sauti ya chini. Vidole 4 vilivyobaki vikawa huru kupamba nyuzi nyembamba. Kwenye wimbo wake Little Wing wa 1967 huwezi kusema ridhimu inaishia wapi na solo inaanzia wapi.

Tena alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, ndiyo maana wa kulia ndio ulioshika shingo. Akapiga gitaa la Stratocaster la mkono wa kulia aliloligeuza na kulifunga nyuzi upya. Sumaku ya kunasa sauti iliyo karibu na daraja hukaa mshazari. Nayo ikageuka, nyuzi nene zikapata ukali na nyembamba zikalainika.



Urithi huo ulifika kwa wanamuziki waliomfuata. Mpiga gitaa Stevie Ray Vaughan aliirekodi Little Wing bila kuimba; John Mayer akaurudia wimbo mwingine wa Hendrix, Bold as Love, mwaka 2006. Mwimbaji D'Angelo naye alirekodi sehemu kubwa ya albamu yake Voodoo ndani ya Electric Lady, studio ambayo Hendrix aliijenga New York na kuifungua wiki chache tu kabla hajafariki, Septemba 1970.

Little Wing haifiki dakika 3. Isikilize mara mbili: kwanza fuata nyuzi nyembamba, kisha fuata ule uzi mnene peke yake.