Kalamu Kwanza, Nyundo Baadaye

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, limepigwa chapa ili msomaji aweze kulisoma mwenyewe polepole

Kaeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na penseli yake, kwa maana leo tutasoma na tutahesabu.

Somo letu la leo ni juu ya kutengeneza nyumba uliyo nayo. Hatusemi habari za kujenga nyumba mpya. Twasema habari za nyumba ile unayolala kila siku, ambayo ukuta wake umepasuka, au paa lake linavuja, au vyumba vyake havitoshi tena.

Twende Arusha, mpaka mahali paitwapo Kwa Mrombo, upande wa kusini wa jiji. Jina lenyewe lasema: mahali pa mtu wa Rombo. Ukisimama pale asubuhi, mbingu ikiwa safi, unauona Mlima Meru upande wa kaskazini, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Watu wengi wa mahali kama hapa hawajengi nyumba kwa siku moja. Hujenga chumba kimoja wakahamia, kisha cha pili wakipata fedha, kisha sebule. Kwa hiyo kazi ya kutengeneza nyumba haiishi, na kila mwenye nyumba ana jambo la kumwambia mwenzake.

Tuwaweke wenye nyumba watatu wakae pamoja na kuelezana yaliyowapata. Hatuwataji majina, kwa sababu hao ni mifano tu. Lakini mambo yenyewe huwapata wengi, na labda yamekupata na wewe.

MWENYE NYUMBA WA KWANZA: UFA

Wa kwanza ni mama mwenye nyumba ya vyumba viwili. Ukuta wake ulipasuka kuanzia pembe ya dirisha, ufa ukashuka upande upande kama ngazi. Mama akaita fundi, akapiga lipu, akapaka rangi. Baada ya masika ufa ukarudi. Akapiga lipu mara ya pili, na mara ya pili ufa ukarudi.

Sote twajua methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ni ya kweli, lakini yafaa kwanza uujue ufa wenyewe. Nyufa si za aina moja. Ufa mwembamba kama unywele, ulio juu ya lipu tu, mara nyingi huletwa na lipu iliyokauka upesi. Huo hauna hatari kubwa. Lakini ufa unaopita ndani ya tofali, unaopanuka, unaokwenda mshazari kutoka pembe ya mlango au dirisha, huo unakuambia kwamba nyumba inasogea.

Utajuaje kama inasogea bado? Chukua penseli. Weka alama ndogo mahali ufa unapoanzia, na alama nyingine mahali unapoishia. Pima upana wake kwa rula. Kando yake andika tarehe na upana, ukutani papo hapo. Baada ya mwezi mmoja angalia tena, na baada ya mvua angalia tena. Ufa ukiwa umepita alama yako, basi nyumba inasogea, na lipu peke yake haitakusaidia.

Mama yule alifanya hivyo. Akaona kwamba ufa hukua wakati wa mvua. Akatoka nje mvua inaponyesha, akatazama. Maji yote ya paa yalikuwa yakianguka chini ya ukuta ule ule, yakazama penye msingi. Udongo wa mfinyanzi, hasa ule mweusi, huvimba ukilowa na husinyaa ukikauka. Ukivimba huinua msingi, ukisinyaa huuacha, na ukuta ulio juu yake hupasuka.

Dawa yake ina mpango. Kwanza, ondoa maji: weka gata chini ya paa, na chimba mtaro wa kuyapeleka mbali na ukuta. Pili, ngoja uone kama ufa umetulia. Tatu, ndipo fundi aufungue ufa, aufunge kwa nondo na saruji, kisha apige lipu. Ukianza na la tatu, fedha yako itakwenda pamoja na maji.

Unapoyatoa maji, usiyapeleke kwa jirani, wala usizibe korongo kwa ukuta au takataka. Maji hayasahau njia yake. Mwezi wa Aprili 2024, mjini Arusha, maji ya mvua yaliyojaa korongo yalisomba gari la shule, na watoto wakafa. Korongo kavu ni njia ya maji yatakayokuja.

Tena muulize fundi juu ya lenta. Lenta ni mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha na kuizunguka nyumba yote. Kazi yake ni kuzishika kuta pamoja kama mshipi. Ardhi yetu wakati mwingine hutikisika. Mwezi wa Julai 2007 matetemeko yaliyotoka upande wa Oldoinyo Lengai yalisikika mpaka Arusha mjini. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la Kagera liliangusha nyumba nyingi na kuua watu. Kuta zisizofungwa pamoja huachana upesi.

MWENYE NYUMBA WA PILI: PAA

Wa pili ni mzee mmoja. Mabati yake yalikuwa yameoza kwa kutu, akaenda dukani kununua mengine. Akaona mabati ya geji 28, ya geji 30 na ya geji 32. Akafikiri, namba kubwa ndiyo bati zito. Akanunua 32, akafurahi kwamba amepata bora kwa bei ndogo. Upepo ulipokuja, paa likapiga kelele na kukunjamana.

Shika jambo hili: katika mabati, geji ikipanda, unene unapungua. Bati la geji 28 ni nene kuliko la 30, na la 30 ni nene kuliko la 32. Isome namba kabla ya kulipa, na uhakikishe kwamba namba ile ile imeandikwa katika risiti. Mtu ajuaye kusoma namba moja tu angemwokolea mzee fedha yake.

Neno moja la hatari. Ikiwa paa lako la zamani ni la asbesto, usilikate kwa msumeno wala usilivunje kwa nyundo. Vumbi lake likiingia mapafuni laweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Uliza kwanza ofisi ya afya ya mahali pako.

Sasa faida. Paa jipya lenye gata ni kama kisima. Tuhesabu pamoja. Paa la nyumba likifunika urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, eneo lake ni 10 mara 8, yaani mita za mraba 80. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi mvua ya milimita 10 itatoa lita ngapi? Ni 80 mara 10, yaani lita 800. Mengine yatamwagika, tuseme utapata lita 640. Hiyo ni zaidi ya ndoo 30 za lita 20, kwa mvua moja tu.

Katika nchi ya Mlima Meru maji haya yana thamani zaidi. Meru ni mlima wa volkano, na maji mengi yanayopita katika mawe yake hubeba madini ya floridi. Floridi ikizidi, meno ya watoto huota yakiwa ya rangi ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Watu wengi hudhani kuchemsha kunaondoa. Sivyo. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floridi hubaki katika maji yale yale. Maji ya mvua hayana floridi ya kutisha. Kwa hiyo acha mvua ya kwanza ioshe paa, kisha kinga maji katika tangi safi lenye kifuniko, uyatenge kwa kunywa na kupikia. Hayo ndiyo uyachemshe.

MWENYE NYUMBA WA TATU: UKUTA NA FEDHA

Wa tatu ni kijana na mkewe. Walitaka kuvunja ukuta katikati ya sebule na chumba, wapate sebule kubwa. Mke akauliza, "Ukuta huu umebeba nini?" Swali hilo liliokoa nyumba. Walipopanda kutazama juu ya dari, wakaona kenchi za paa zimekaa juu ya ukuta ule.

Kuta nyingine hugawa vyumba tu. Nyingine hubeba paa. Ukiondoa ukuta uliobeba, bila kuweka boriti ya kupokea mzigo, unayaita maafa. Vivyo hivyo kuchimba karibu na msingi, au kuongeza ghorofa juu ya msingi uliofanywa kwa nyumba ya chini. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu zaidi ya 20 wakafa. Habari za siku zile zilieleza kwamba kulikuwa na kazi ya kuchimba chini ya jengo. Basi kabla ya kuvunja, kuchimba au kuongeza, mwite mtu mwenye elimu ya majengo, na uende halmashauri kuuliza habari za kibali cha ujenzi.

Lakini kijana huyu alikosa jambo moja. Alimpa fundi fedha yote siku ya kwanza, kwa neno la mdomo. Fundi akafanya kazi siku nne, asionekane tena. Kijana hakuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu yeyote.

Hapa ndipo kalamu yako inapokuwa na nguvu kuliko nyundo. Soma mfano huu kwa sauti, kisha unakili katika daftari:

"Mimi ______ mwenye nyumba, na mimi ______ fundi mwashi, tumepatana hivi. Kazi: ______. Vifaa vitanunuliwa na ______. Gharama ya ufundi ni shilingi 600,000. Shilingi 200,000 zitalipwa kazi ikianza; 200,000 kuta zikifika kwenye lenta; 200,000 kazi ikiisha na kukaguliwa. Kazi itaisha tarehe ______. Sahihi ya mwenye nyumba ______. Sahihi ya fundi ______. Mashahidi ______ na ______."

Andikeni mbili: moja yako, moja ya fundi. Karatasi hii si ya kumtukana fundi. Fundi mwema huipenda, kwa maana yeye naye inamlinda asidhulumiwe.

Na zege au lipu ikiisha kuwekwa, uimwagilie maji kila siku kwa siku 7. Saruji hupata nguvu ikiwa na unyevu, wala haipati nguvu kwa kukaushwa na jua.

KUMALIZA

Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 wa Tanzania walikusanyika katika vikundi karibu na redio, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza, wakasoma vitabu vyao, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha viwanja vyao. Kusoma kwao kulionekana kwa macho. Nasi tufanye hivyo.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini ufa wa yule mama ulirudi mara mbili?
2. Bati la geji 30 na la geji 32, lipi ni nene?
3. Paa lenye mita za mraba 50 litapokea lita ngapi katika mvua ya milimita 20?
4. Utajuaje kama ukuta umebeba paa?

Kazi ya nyumbani: Zunguka nyumba yako leo jioni ukiwa na penseli. Tafuta ufa mmoja. Weka alama mbili, andika tarehe na upana. Ikiwa hii ndiyo mara yako ya kwanza kuandika tarehe kwa mkono wako mwenyewe, hakuna mahali bora pa kuiandika kuliko ukuta wa nyumba yako.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.