Sanduku la chuoni na daftari la msikiti

MWAKA 2012, nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilisimama mbele ya wanafunzi wenzangu kuomba kura, nikaanza kwa kusema kuwa natoka Ulaya. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Ikanibidi nieleze kuwa Ulaya yangu ni kata ya wilaya ya Kilosa, upande wa kuelekea Mikumi, ambako wazazi wangu hulima mahindi na ufuta. Naamini kicheko kile ndicho kilichonipa kura, kwani sera za maana sikuwa nazo. Nikaingia Bunge la wanafunzi, kisha rais wetu akaniteua kuwa Waziri wa Mikopo.

Wakati huo uongozi wa wanafunzi kwangu ulimaanisha maandamano. Tulikuwa tumesimuliwa habari za tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao takriban mia nne, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza kwa asilimia 20. Tulimjua Symonds Akivaga, Mkenya aliyeongoza umoja wa wanafunzi na kufukuzwa mwaka 1971. Tuliwajua pia walioandamana mwaka 1978 kupinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri, umoja wao wa DUSO ukapigwa marufuku na nafasi yake kuchukuliwa na MUWATA. Kila mmoja wetu aliitamani siku yake.

Wizara ilinipa foleni mlangoni. Tangu Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ianze kazi mwaka 2005, maisha ya mwanafunzi asiye na uwezo hutegemea fedha za kujikimu, zile ambazo wanafunzi huziita "boom". Muhula ule zilichelewa. Wapo waliofunga Jumatatu na Alhamisi kwa kufuata Sunna, na siku zilizobaki wakafunga kwa kukosa chakula. Tukachangishana, na sanduku nikakabidhiwa mimi.

Nikagawa. Wengi niliwapa bila kuandika chochote, kwa kuwa niliona kumwandika mwenye njaa ni kumvua nguo mbele za watu. Nilipowasilisha hesabu Bungeni, Sh 86,000 hazikuwa na maelezo. Sehemu kubwa ya fedha hizo nilikuwa nimempa dada mmoja wa mwaka wa kwanza, naye alikuwamo ukumbini. Aliinamisha uso. Ningeweza kumtaja, sikumtaja. Niliuza simu yangu, nikalipa, nikajiuzulu.

Kwa miaka kadhaa nilijiona mtu aliyedhulumiwa, na nakiri kuwa nilipata raha fulani katika kujiona hivyo. Lakini aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko aya zote za Qur'an, inaagiza deni liandikwe na mwandishi awe mwadilifu. Nilikuwa nimeihifadhi kabla hata ya kwenda chuoni! Wale waliochanga walikuwa na haki ya kujua, na haki hiyo sikuwapa.

Nilipochaguliwa katibu wa kamati ya msikiti hapa kijijini, nilipendekeza madaftari mawili kwa ajili ya sadaka: moja la kiasi na namba tu, lisomwe baada ya swala ya Ijumaa, la pili la majina, likae kwa imamu chini ya kufuli. Mzee wetu mtunza hazina aliniangalia kwa muda mrefu.

"Mwanangu, sanduku hili nimelishika tangu wewe uko madrasa. Leo umeniona mwizi?"

Kikaoni sikuwa na jibu. Baada ya Isha nilimfuata nyumbani, nikamsimulia habari ya zile Sh 86,000, jambo ambalo hata mke wangu nilimsimulia mara moja tu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na yule binti, mliwahi kuzungumza?"

"Siku ya mahafali, Mzee. Aliniomba radhi, nami nikamwomba."

Akanyamaza. Kisha akauliza kama lile daftari la pili linaweza kupokea watu aliowapa zamani bila kuandika, hasa miaka ya mafuriko. Nikafungua ukurasa. Alitaja majina kwa kumbukumbu, pamoja na debe za mahindi na fedha, nami nikaandika. Wengine walikuwa jirani zangu. Jina moja lilikuwa la mama yangu.

Ijumaa iliyofuata, hesabu aliisoma yeye mwenyewe.