Neno la gavana na nyumba ya jirani

 

Leo tunaongea juu ya safari ya politike ya gavana mmoja: Gabriel Kyungu wa Kumwanza, aliyeongoza jimbo la Katanga wakati lilipoitwa Shaba. Alifariki Agosti 2021, na hatukuja hapa kumhukumu marehemu. Tunataka kujifunza jambo moja. Wakubwa wanapogombana, na tena wanapopatana, mwananchi wa chini anapata nini? Wewe uliyekimbia nyumba yako, swali hili ni lako.

Alianzia wapi?

Mwaka 1980 wabunge 13 walimwandikia Rais Mobutu barua ndefu ya kukosoa utawala wake. Kyungu alikuwa mmoja wao. Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, alikuwa mmoja wao pia. Waliteswa kwa ajili ya barua ile, na mwaka 1982 kundi lao likaanzisha chama cha UDPS. Basi Mkatanga na Mkasai walikula taabu pamoja. Ndugu msikilizaji, weka neno hili akilini, tutalirudia.

Mwaka 1990 Mobutu alikubali vyama vingi. Kyungu aliachana na wenzake wa zamani, akawa pamoja na Jean Nguza Karl-i-Bond katika chama cha UFERI. Novemba 1991 Mobutu alimtaja Nguza kuwa waziri wa kwanza, na Kyungu akawa gavana wa Shaba.

Je, malalamiko ya Wakatanga yalikuwa ya uongo?

Hapana. Tuseme kweli yote. Wakati wa Wabelgiji, kampuni ya migodi, Union Minière, na kampuni ya reli zilileta wafanyakazi wengi kutoka Kasai. Watoto wao walisoma, wakapata kazi za ofisi. Katika uchaguzi wa komini wa mwaka 1957, wenyeji waliona wageni wakishika viti vikubwa mjini. Mwaka 1958 chama cha CONAKAT kilizaliwa kutokana na uchungu huo. Kwa hiyo Kyungu hakutunga kidonda. Kidonda kilikuwapo. Lakini mganga anakiosha kidonda, na mwingine anakitia chumvi.

Neno lilifanya kazi gani?

Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa, kule Kinshasa, ulimchagua Tshisekedi kuwa waziri wa kwanza, na Nguza akapoteza kiti. Huo ulikuwa ugomvi wa viti kati ya wakubwa. Lakini huko Shaba uligeuzwa kuwa ugomvi wa makabila. Katika mikutano ya watu wote, gavana alisema kwamba Wakasai ndio chanzo cha umaskini wa Wakatanga. Watu wakaanza kuwaita Wakasai "bilulu", ni kusema wadudu. Sikilizeni vizuri: mtu akiisha kuitwa mdudu, kumkanyaga hakuonekani tena kuwa dhambi.

Vijana wa chama, wale wa JUFERI, walianza kwenda nyumba kwa nyumba. Katika mji wa Likasi fujo kubwa ilitokea tangu Septemba 1992. Kule Kolwezi ilitokea Machi 1993. Familia zilizokaa pale tangu babu zao zilifukuzwa. Zilikimbilia kwenye vituo vya treni na mashuleni, zikalala huko majuma na miezi, zikingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Wengi walikuwa hawajaona Kasai hata siku moja. Njaa na magonjwa viliua watu vituoni na hata ndani ya treni. Watu waliohamishwa walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Wako Wakatanga waliowaficha jirani zao, na hao tuwakumbuke kwa heshima.

Na waliobaki, walipata nini?

Waliambiwa: Wakasai wakiondoka, kazi itakuwa yenu. Kweli, wengine walipewa nafasi na nyumba zilizoachwa. Lakini Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1993 ilitoa chini ya tani 50,000. Si kufukuza watu peke yake kulikoiangusha. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka 1990, na mashine zilikuwa zimechoka. Lakini kufukuza wafanyakazi wenye ujuzi kulimaliza nguvu iliyobaki. Mtu anachukua kiti cha jirani, kumbe nyumba nzima inaanguka.

Gavana aliendelea namna gani?

Mwaka 1995 aliondolewa. Lakini safari yake haikuisha. Alikuja kuongoza chama cha UNAFEC, na tangu mwaka 2007 alikuwa mkubwa wa Bunge la jimbo la Katanga. Mwaka 2015 alitoka upande wa Rais Joseph Kabila. Mwaka 2016 alikuwa katika muungano wa upinzani, na mkubwa wa muungano ule alikuwa nani? Étienne Tshisekedi. Na mwaka 2019 Rais Félix Tshisekedi, mtoto wa Étienne, alimtaja Kyungu kuwa mkubwa wa baraza la SNCC, kampuni ya reli. Ndiyo, reli ileile iliyowabeba waliofukuzwa.

Hatusemi kupatana ni vibaya. Kupatana ni vizuri sana. Lakini pima mwenyewe: wakubwa walikuwa marafiki mwaka 1980, maadui mwaka 1992, marafiki tena mwaka 2016. Wao waliweza kurudi mahali walipoanzia. Je, mama aliyezika mtoto wake njiani karibu na reli, yeye alirudi wapi? Tembo wakipigana, nyasi huumia. Na tembo wakipatana, nyasi iliyokanyagwa haisimami siku ileile.

Tufanye nini?

Wewe kijana, mkubwa akikuita umfukuze jirani, mwulize maswali matatu. Moja: jirani huyu, yeye mwenyewe, alinikosea nini? Mbili: akiondoka, kazi yangu na masomo ya watoto wangu vitatoka wapi? Tatu: kesho ninyi wakubwa mkipatana, mimi nitakaa na damu hii mikononi kwa faida ya nani?

Ninyi wakubwa wa kartiye na wa vijiji, msingoje moto uwake. Malalamiko juu ya kazi na mashamba yapelekeni barazani, pande zote mbili zikiwapo, na yasemwe kwa majina ya mambo, si kwa majina ya makabila. Watu wakikimbia, andikeni nyumba na viwanja walivyoacha, pamoja na mashahidi. Daftari hilo litazuia vita vya pili siku watakaporudi.

Na ninyi mliokimbia, tunajua uchungu wenu. Tunzeni karatasi za nyumba na za masomo ya watoto. Mkiwasimulia watoto yaliyowapata, watajieni pia yule jirani aliyewafungulia mlango usiku. Mtoto asikue akidhani kabila zima ni adui.

Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mifupa. Gavana anasema neno, lakini anayelitekeleza ni mkono wako na wangu. Mkono ukikataa, neno linabaki upepo.

 Ongeeni juu ya mambo haya jioni ya leo, nyumbani na kambini. Amani ikae nanyi.